Kosa Lenye Ramzi Aliacha

Kasyoka hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, na shida yote ilianzia hapo. Hata kwao Mitaboni walikuwa wanamjua hivyo. Akiwa mdogo, ukimfichia kitu, sema hata kijiko, hakuwa anakula wala kulala mpaka akipate, na ukitaka kumwambia kiko wapi anaziba masikio na kuanza kulia. Mama yake, Syokau, alikuwa anasema huyu mtoto bwana yake atakuja kuchoka.

Sasa huyo mtu wa kuziba masikio ndiye mwaka wa elfu mbili na tano alikuwa amepanga chumba Machakos mjini. Asubuhi alikuwa anafanya kazi kwa saiba, duka la intaneti, anafungulia wazee imeli za watoto wao walioenda ng'ambo, na mchana anapanda ngazi kwenda koleji kusoma mambo ya mitandao. Koleji yenyewe usifikirie kubwa. Ilikuwa juu ya duka la magodoro, kwa ile barabara ya kuteremka kutoka msikitini. Vyumba vitatu, choo kimoja, na kule mwisho kabisa chumba cha mazoezi chenye dirisha moja. Hapo ndipo rauta zilikuwa zinakaa.

Kama hujawahi kuona rauta ya wakati huo, ni kisanduku tu, kibapa, kizito, kinapiga kelele kama friji mzee. Kazi yake ni kuonyesha habari njia ya kupita mpaka zifike kwenye zinaenda. Mwalimu Wathome alikuwa amepata nne kuukuu kutoka kwa ofisi moja Nairobi ikibadilisha vitu vyao. Tatu zilitoshea kwa ile rafu ya chuma ya chini, zile za kuchuchumaa ndiyo uzifikie. Ya nne ilikosa nafasi ikawekwa juu ya meza, hapo tu ukiingia mlangoni.

Mwalimu alikuwa anachukia majina ya namba namba, kwa hivyo akazipa majina ya masoko ya huku kwetu. Ya katikati, yenye inashika zingine zote, aliita Masaku. Hizo zingine zikawa Mitaboni, Katelembo na Katangi. Katangi ndiyo ilikuwa kwa meza.

"Hakuna mtu anaanza akijua njia ya kila mahali," Mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. "Rauta inajua tu kwake. Sasa kila nusu dakika inaambia majirani, mimi naweza kufikisha mtu hapa na hapa. Jirani anasikia, anaweka kwa kichwa, naye anaambia mwingine. Hivyo hivyo mpaka wote wanajua njia zote."

"Na mmoja akinyamaza?" Kasyoka akauliza.

"Wanamngoja dakika chache. Akiendelea kunyamaza wanamfuta."

"Hawamtafuti?"

Kijana mmoja alikuwa ameketi nyuma yake akacheka. "Watamtafuta na nini na hawana miguu?"

Huyo ndiye Ramzi. Mtoto wa mjini, wa kuzaliwa hapo hapo nyuma ya msikiti, baba yake Mzee Abdalla wa spea za baiskeli. Alikuwa anaongea Kikamba kushinda Wakamba wengi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa pia na ugonjwa wa figo, na kila mtu alijua, kwa sababu alikuwa anapotea siku mbili tatu akienda kuoshwa damu Nairobi. Ukimuuliza ulikuwa wapi anakwambia, "Nilipelekwa kubadilishwa oili." Sasa mtu akikujibu hivyo utamwonea huruma namna gani? Unacheka tu, na ukishacheka huwezi tena kuuliza swali la maana.

Kasyoka na Ramzi ndio walikuwa wanabaki kwa chumba cha mazoezi wengine wakienda. Wakatengeneza mchezo wao, mchezo wa kuvunja. Mmoja anaharibu mtandao akiwa peke yake, mwingine anakuja anatafuta kosa liko wapi. Sheria zake walizijua kama Baba Yetu. Unavunja kitu kimoja tu. Huchomoi waya, unavunja kwa yale yameandikwa ndani. Huvunji kwako, maanake Katangi ilikuwa rauta ya Ramzi, Mitaboni ya Kasyoka bila kuuliza, na mtu hawezi kujificha kwake. Na ya mwisho, yenye Ramzi ndiye alileta: jibu halipelekwi kwa simu. Ukipata, unaenda mwenyewe mpaka mahali mwenzako yuko, unamwambia akikuangalia, ndiyo uone uso wake ukianguka. Halafu anakununulia chai.

Siku moja Kasyoka alifanya Masaku na Katelembo zitumie matoleo mawili tofauti ya ile protokoli yao, yaani lugha yao ya kuambiana njia, moja ya kale na moja mpya, zikawa haziskizani. Ramzi alihangaika mpaka jasho. Alipopata alimfuata Kasyoka mpaka kwa saiba, akamsimamia mbele ya wateja.

"Mama Mitaboni," akasema, "umechukua mmoja ukampa Kikamba cha Machakos, mwingine ukampa cha Kitui, halafu ukawaweka nyumba moja."

Wateja hawakuelewa kitu. Kasyoka alicheka mpaka akamwaga maji kwa kibodi.

Hivyo ndivyo walikuwa. Si mapenzi, watu waliuliza sana. Ilikuwa tu kwamba kwa hiyo dunia yote hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia kitu kama hicho akaelewa.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, kale kabaridi ka huku kametanda na milima ya Iveti haionekani, Ramzi alikuja koleji na malapa. Malapa za bafu, za bluu. Kasyoka alimwangalia kutoka chini kwenda juu.

"Umekuja kuoga?"

"Nimekuja kukuosha," Ramzi akasema. "Leo ni zamu yangu kuvunja. Toka."

"Na viatu viko wapi?"

"Viatu vinapumzika."

Alivuta kiti akaketi pale pale mlangoni, akipumua kama mtu amepanda kilima. Kasyoka aliona, lakini ngazi za hiyo nyumba zilikuwa zinafanya kila mtu apumue hivyo. Akatoka akaenda saiba. Aliporudi, Ramzi alikuwa tayari nje kwa veranda ameshika ukuta, anangoja mtu wa kumteremsha ngazi.

"Tayari," akasema. "Kitu kadogo tu."

"Mbona unatoka mapema?"

"Oili."

"Basi ukirudi utapata nilimaliza zamani. Utanikuta nimechoka kukungoja."

Ramzi alimwangalia, akacheka kidogo. "Usikawie, Kasyoka," akasema.

Yeye alifikiri ni madharau tu kama kawaida. Kwa mchezo wao, kumwambia mtu asikawie ni kama kumwambia hawezi.

Ijumaa akaanza kutafuta. Dalili yenyewe ilikuwa hivi: kompyuta yenye iko nyuma ya Katangi haiwezi kuongea na yenye iko nyuma ya Mitaboni. Ukituma kitu hakuna jibu linarudi. Akachukua kebo yake, yenye alikuwa amefunga uzi mwekundu isichanganyike na ya Ramzi, akachuchumaa kwa rafu, akaichomeka kwa Masaku. Akaona Masaku inajua njia ya Mitaboni, inajua ya Katelembo, lakini ya Katangi haina. Imefutwa.

Kutoka hapo kwa Masaku akaingia ndani ya Katangi kwa mbali, akaiuliza, wewe unajua njia gani? Katangi ikamwonyesha zote. Mitaboni iko. Katelembo iko. Kila kitu kizuri kabisa. Hapo Kasyoka akaamua Katangi ni mzima. Na kwa nini asiamue? Ilikuwa ya Ramzi, na huvunji kwako. Kwa hivyo mwenye makosa ni Masaku. Masaku imezibwa masikio mahali, haitaki kumsikia Katangi. Akaanza kusoma maandishi ya Masaku mstari kwa mstari.

Kuna amri ya kufanya rauta ikuonyeshe kila neno yenye inasikia, ukiitumia kosa kama hilo linajitokeza lenyewe. Lakini Mwalimu aliikataza kabisa kwa sababu hizo zake kuukuu zilikuwa zinaganda. Basi akasoma tu kwa macho.

Jioni simu yake ikalia. Ujumbe wa Ramzi. "Umepata?"

Akajibu: "Bado. Usithubutu kuniambia."

"Haya. Niko General, wodi ya wanaume. Chai ya hapa ni mbaya."

Kasyoka alicheka peke yake. Akajiambia, nikipata nitamletea ya kwangu kwa thamosi, yenye tangawizi, nimwambie jibu akiwa amelala hapo hana pa kukimbilia.

Jumamosi hakuwa na kazi. General kutoka pale ni kutembea tu, hata hauchoki. Alienda koleji. Alisoma Masaku yote tena. Akaangalia kama kuna ukuta umewekwa wa kuzuia habari, hakuna. Akaangalia anwani, ziko sawa. Akahamia Mitaboni, akahamia Katelembo, magoti yanauma kwa kuchuchumaa. Ilipofika saa za mchana simu ikalia tena, lakini mara hii ilikuwa Firdaus, dada ya Ramzi.

"Kasyoka, Ramzi anakuuliza. Kuja umwone."

Akajibu kwamba atakuja kesho, akishapata kitu yake.

Mwalimu Wathome alikuwa anafagia pale mlangoni. Alikuwa mwalimu na pia ndiye mfagiaji. "Si uende tu umwone mgonjwa," akasema.

"Nikienda bila jibu atanicheka, Mwalimu."

"Wacha akucheke."

"Humjui Ramzi. Atanicheka mpaka Krismasi."

Mwalimu akarudi kwa ufagio wake. Akafagia kuzunguka kile kiti cha Ramzi pale kwa meza. Hakukisongesha.

Jumapili Kasyoka alienda kwao Mitaboni, kanisani na mama yake, simu imezimwa. Walipotoka akaiwasha wakiwa bado wamesimama nje wanasalimiana na watu. Ujumbe ukaingia, wa Firdaus, ulikuwa umetumwa mapema asubuhi.

"Ramzi ametuacha. Tuombee."

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi kwa lile jiwe la watoto kuketi. Mama yake alichukua simu, lakini hakuwa anaona maandishi madogo, kwa hivyo Kasyoka akalazimika kumsomea kwa sauti. Hapo ndipo akalia.

Walienda nyumbani. Syokau akampikia chai, akamwambia akunywe ndiyo apate nguvu. Alikuwa amezika watu wengi huyu mama, alijua msiba unaendaje. "Leo ni siku ya kwanza," akamwambia. "Leo hawajui hata wanasimama wapi. Usiwasumbue kuwauliza mazishi ni lini. Kamati itaketi, watangaze. Utaenda jioni na leso yako, na sukari, uketi na dada yake. Halafu utakuwa unaenda kila jioni mpaka siku ya kuzika."

Ndivyo inafanywa kwao. Mtu anakaa mochari wiki, hata wiki mbili, watu wakusanyike, watoto watoke Mombasa, jeneza litafutwe, picha ipigwe kubwa. Kasyoka alikuwa hajawahi kuona inafanywa namna nyingine. Miaka hiyo yote ameketi na Ramzi, hawakuwa wamewahi kuongea jinsi Waislamu wanazika. Nani anaongea hayo na kuna rauta za kuvunja?

Kwa hivyo njiani akirudi mjini akapanga hesabu yake. Ramzi yuko mochari. Niko na wiki. Nikipata kosa kabla wamzike, nitaenda mahali yuko. Watanifungulia jeneza kidogo kama venye huwa wanafungulia watu waage, na nitamwambia. Sheria ilikuwa kwenda mwenyewe. Hakukuwa na sheria ilisema lazima aweze kujibu.

Hakuenda kwa kina Ramzi. Alienda koleji kwanza. Ufunguo alikuwa nao.

Alisoma Masaku mara ya tatu. Kila kitu kilikuwa kimenyooka mpaka kikaanza kumkasirisha. Alimkasirikia Ramzi pia, akajisikia vibaya kumkasirikia, akaendelea. Nje adhana ya alasiri ikalia kutoka msikitini, ikanyamaza. Baadaye kidogo, mgongo ukiwa umeshikana kwa kuchuchumaa, akasimama akaenda dirishani kujinyoosha.

Chini barabarani watu walikuwa wanapita. Wanaume peke yao, wengi, kofia nyeupe tu zinaonekana kutoka juu, wanaenda haraka kama watu wanachelewa, na katikati yao wamebeba jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani. Wanapokezana mabegani. Mwenye amebeba anatoka, mwingine anaingia, na hawasimami. Mwenye duka la magodoro alitoka akasimama kwa heshima, akavua kofia yake ya sufu.

Kasyoka aliangalia mpaka wakapinda kona. Akawaza, maskini, mtu wa watu mwingine anazikwa leo. Akawaonea huruma hao wenye wamefiwa siku moja na kina Ramzi. Kisha akarudi kuchuchumaa kwa rafu.

Jua likianguka alifunga chumba, akanunua sukari na majani, akajifunga leso, akaenda. Nyumbani kwa Mzee Abdalla wanawake walikuwa wameketi chini kwa mikeka, wengine wanasoma, sauti ndogo ndogo. Hakukuwa na hema. Hakukuwa na ile picha kubwa. Mama Ramzi alimshika mkono akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu, asante kwa kuja," macho yake mekundu. Firdaus akamvuta Kasyoka wakaketi karibu na ukuta.

"Nilidhani utakuja mchana," Firdaus akasema.

"Nilikuwa nataka..." Kasyoka akaanza, akashindwa. "Yuko wapi sasa? General bado ama wamempeleka mochari ingine?"

Firdaus alimwangalia kama hajasikia vizuri.

"Dada, tumeshamzika."

"Lini?"

"Leo. Baada ya alasiri. Walimpitisha hapo tu, chini ya koleji yenu." Akaona uso wa Kasyoka. "Sisi huwa hatuweki mtu. Nilidhani unajua. Hata mimi sikuenda makaburini, wanaume ndio huenda. Lakini sisi tulimwona asubuhi tukamuaga. Ungekuja asubuhi ungemwona."

Kasyoka aliangalia ile sukari yake kwa mfuko, ikiwa imewekwa pale pembeni ya mkeka. Alikuwa anaona kofia nyeupe zikipinda kona.

"Alikuwa anakungoja," Firdaus akaendelea, na hakuwa anasema kwa ubaya, alikuwa tu amechoka na maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. "Kila mlango ukifunguliwa anaangalia. Nikamwambia nimpigie Kasyoka nimwambie hiyo kitu yenu, akakataa. Akasema ukiambiwa utaziba masikio."

"Ningeziba," Kasyoka akasema.

"Hata hiyo Alhamisi tulimkataza kutoka. Miguu ilikuwa imefura mpaka viatu vimekataa kuingia. Akasema lazima aende, ni zamu yake. Baba akambeba na gari ya jirani. Aliporudi alikuwa anacheka, eti amedanganya kwa mchezo. Nikamwuliza amedanganya nini. Akasema hakuweza kuinama, kwa hivyo alifanya yenye mkono unafika."

Kasyoka aligeuza kichwa polepole. "Alisema mkono unafika?"

"Hivyo tu. Akasema wewe ukiona utajua hali yake, na utakuja mbio kumgombeza." Firdaus akajipangusa macho na ncha ya mtandio. "Mimi sikuelewa."

Kasyoka alielewa. Hakuhitaji hata kwenda kuangalia. Zile tatu ziko chini kwa rafu, za kuchuchumaa. Yenye mkono unafika ni moja tu, hiyo ya mezani, hapo ukiingia mlangoni. Aliketi kwa ule mkeka mpaka wanawake wakaanza kuondoka, na mtu akiniambia alikuwa anafikiria nini hapo nitakataa, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alisema hakuwa anafikiria kitu. Alikuwa anaona tu malapa ya bluu.

Jumatatu asubuhi hakuenda saiba. Alipanda ngazi za koleji. Kile kiti kilikuwa pale pale, kimevutwa karibu na meza, na kebo ya Ramzi ilikuwa bado imechomekwa kwa Katangi. Siku hizo zote ilikuwa imening'inia hapo mbele ya macho yake. Ramzi hakuwa mtu wa kuacha kebo; alikuwa anaizungusha vizuri na kuitundika kwa msumari. Siku hiyo msumari ulikuwa juu sana.

Akaketi kwa hicho kiti. Akaunganisha kebo ya Ramzi na kompyuta, akafungua maandishi ya Katangi. Hakutafuta sana. Ulikuwa mstari mmoja mfupi. Ramzi alikuwa ameiambia Katangi inyamaze. Kwa huo upande wa Masaku isikie kila kitu chenye majirani wanasema, lakini yenyewe isiseme neno. Ndiyo maana Katangi ilikuwa inajua njia zote, na hakuna mtu mwingine alikuwa anajua kama Katangi iko. Masaku haikuwa na makosa. Ilingoja zile dakika zake, ikaona kimya, ikafuta.

Na Ramzi alikuwa amevunja kwake. Kwa mchezo wote wao hakuwahi kuvunja kwake. Mtu mwingine yeyote angeona kosa la rauta tu. Kasyoka pekee ndiye angeweza kuliona na kujua kwamba Ramzi ameshindwa kusimama. Lilikuwa limeandikiwa yeye, likawekwa hapo mlangoni, na yeye akaliruka siku baada ya siku akienda kuchuchumaa kule kwingine, kwa sababu alikuwa anajua sheria.

Mwalimu Wathome alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa ameshasikia habari. Hakusalimia.

"Umepata?" akauliza, na Kasyoka akashtuka, kwa sababu ni lile neno lile lile.

"Katangi inasikia lakini haisemi."

Mwalimu akainama akasoma skrini. "Lakini hiyo si ilikuwa yake?"

"Ni yake."

"Sasa..."

"Hakuwa anaweza kuinama, Mwalimu."

Mwalimu akaweka mkono kwa bega lake, akauondoa. Akaenda dirishani akasimama huko, akijifanya anaangalia hewa.

Kasyoka akauondoa ule mstari. Akangoja. Nusu dakika ukiingoja hivyo ni kitu kirefu. Kisha akaingia Masaku, na Katangi ilikuwepo. Akaenda Katelembo, ipo. Akaenda Mitaboni, ipo. Akatuma kitu kutoka kompyuta ya nyuma ya Katangi mpaka ile ya nyuma ya Mitaboni, na jibu likarudi, na lingine, na lingine, skrini ikawa inajaa majibu yakiteremka. Hakuyasimamisha. Kwa siku nyingine yoyote angekuwa tayari ameshateremka ngazi mbili mbili akimtafuta.

Alitoa simu. Akafungua ule ujumbe wa Ijumaa, "Umepata?" Akaandika, "Nimepata." Akaangalia hilo neno. Jibu halipelekwi kwa simu. Akalifuta herufi moja moja, akarudisha simu mfukoni.

"Umeisevu?" Mwalimu akauliza kutoka dirishani. Kwa sababu hizo rauta, ukibadilisha kitu usipoisevu, zikizimika zinarudia yale ya zamani. Na Ramzi, yeye alikuwa amesevu. Kasyoka alikuwa ameona.

"Nitasevu," akasema.

Alikuwa bado ameketi hapo saa nne stima ikapotea, kama venye ilikuwa inapotea huko mjini miaka hiyo bila kuaga mtu. Kelele ya rauta ikafa, zote nne mara moja. Kukawa kimya mpaka ukasikia mtu wa magodoro huko chini akibishana na mteja. Mwalimu akatoka akaenda kuuliza majirani kama ni kwao pia.

Stima iliporudi rauta zikaanza tena kunguruma moja baada ya nyingine, taa zikapepesa, zikasoma maandishi yao. Mitaboni ikajitangaza. Katelembo ikajitangaza. Masaku ikapokea zote. Katangi, hapo mezani karibu na mkono wa Kasyoka, ilisikiliza majirani wake wote, na haikusema kitu.

Ule mstari ulikuwa umerudi, na Kasyoka akauacha. Kisha akachomoa kebo ya Ramzi, akaizungusha vizuri venye alikuwa anaizungusha, akasimama juu ya kiti, akaitundika kwa msumari.